Bomboni za karanga za Noeli: batoto wasaidie wapi?
Noeli na Bonane zikikaribia, kutengeneza bomboni za karanga na batoto nyumbani ni kazi ya furaha. Kopo moja ya sukari, kopo moja ya karanga iliyokaangwa, basi. Sukari inayeyuka pole pole juu ya mbabula, bila maji. Ikipata rangi ya asali, tia karanga, mwaga kwenye sahani yenye mafuta.

Lakini angalia: hapa Lubumbashi maji yanachemka karibu digri 96. Sukari hiyo inapita 160, tena inanata kwa ngozi. Kwa hiyo batoto waondoe maganda ya karanga, wafunge bomboni zikipoa. Sufuria ni ya mkubwa. Mutoto akiungua, mumwagie maji ya kawaida dakika 20, hapana dawa ya meno, halafu kituo cha afya.

Na sababu Desemba ni mvua, zifunike haraka, zisilowane.