Mwanzo wa Ushairi ni Sikio

Wazazi wengi wanaotaka mtoto apende ushairi humsomea ubeti mmoja, kisha humuuliza, "Maana yake nini?" Swali hilo lina wakati wake, lakini si kwa mtoto wa miaka minne. Mashairi yetu ya jadi yalitungwa ili yaghaniwe, na mtoto huyapokea kwa sikio mapema sana kabla hajaweza kuyafasiri.

Anzeni na mizani, yaani silabi. Kila silabi kofi moja. Pigeni makofi kwa jina la mtoto, kisha mwingie jikoni: mwiko makofi mawili, sufuria manne. Mchele ni matatu, kwa kuwa ile m inajitegemea. Akishazoea, tungeni kitu:

Paka wetu kala wali, sasa amelala chali.

Ukwapi, yaani kipande cha kwanza, una mizani 8, na utao, yaani kipande cha pili, 8. Huo ni mshororo kamili wa mizani 16, na "wali" na "chali" vimefungana kwa kina cha li. Sasa semeni "Paka wetu amekula wali." Makofi yamefika 10, na mkono wa mtoto utakwama. Hapo anaonja inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itimie, kabla hajalisikia jina lake. Mwacheni abadilishe mnyama. Kuku anakaa vizuri, mbuzi pia. Sungura anazidisha mizani moja, kwa hiyo itabidi atafute njia: "Sungura kala ugali." Nane zimetimia na kina hakikupotea. Kazi hii ya kupunguza huku na kuongeza kule ndiyo kazi ya malenga, na mtoto ameshaifanya akiwa amekaa mkekani.

Kipande hicho cha mizani 8 ndicho mshororo wa utenzi. Mwaka 1858 mshairi Mwana Kupona aliutumia kumtungia binti yake mawaidha yanayosomwa hadi leo. Ushairi wa nyumbani, basi, si jambo geni kwetu.

Mkiwa na diwani ya mashairi, chagueni shairi lenye kibwagizo. Mzazi aghani mishororo mitatu, mtoto aitikie wa mwisho. Rudieni shairi lile lile juma zima. Msilibadilishe kwa kudhani amechoka, maana marudio ndiyo yanayoliingiza kichwani. Na siku atakapotunga mshororo wake mwenyewe, hata ukipungukiwa mizani, uandikeni daftarini vilevile alivyousema.