Omeprazoli: uliza inatibu nini, na utaimeza mpaka lini

Simama nusu saa kwenye duka lolote la dawa, Kariakoo au Kisumu, utasikia ikiombwa kwa majina mengi: dawa ya gesi, dawa ya asidi, dawa ya vidonda, zile kapsuli za tumbo. Muuzaji hana maswali mengi. Anakata kipande cha pakiti, anapokea hela, na mteja anaondoka. Dawa hiyo mara nyingi ni omeprazoli. Ni miongoni mwa dawa zilizosaidia watu wengi zaidi katika kizazi chetu, na ndiyo maana inasikitisha kuona inavyomezwa ovyo: mtu hajui anatibu nini, wala ataacha lini.

Omeprazoli ilitoka kwa watafiti wa kampuni ya Astra ya Sweden na ikaanza kuuzwa mwaka 1988. Kabla yake palikuwa na simetidini, iliyoingia sokoni mwaka 1976, kisha ranitidini. Na kabla ya hizo, mgonjwa wa vidonda sugu vya tumbo mara nyingi aliishia mezani kwa mpasuaji, akakatwa sehemu ya tumbo au mishipa ya fahamu inayoliamuru litoe asidi. Aprili 2020 Marekani ilitaka ranitidini iondolewe sokoni, baada ya kugundulika kuwa ndani yake hujitengeneza NDMA, kemikali inayohofiwa kuleta saratani. Omeprazoli na ndugu zake, yaani lansoprazoli, pantoprazoli, rabeprazoli na esomeprazoli, zikazidi kushika nafasi.

Namna inavyofanya kazi inastahili kueleweka, kwa sababu makosa mengi ya kuimeza yanaanzia hapo. Katika ukuta wa tumbo zimo seli zenye pampu ndogo mno zinazosukuma asidi nje kila tunapokula. Omeprazoli haizifikii pampu hizo kutokea tumboni. Inapita hadi utumbo mdogo, inafyonzwa, inazunguka na damu, kisha inarudi kwenye seli zile. Huko, ndani ya asidi yenyewe, inabadilika umbo na kuing'ang'ania pampu hadi izimike kabisa. Pampu iliyozimwa hivyo haiwaki tena; mwili hauna budi kuunda nyingine. Ndiyo maana dawa hutoweka katika damu baada ya saa chache tu, lakini asidi hubaki chini kwa zaidi ya siku nzima.

Ila dawa huinasa pampu iliyo kazini tu, na pampu huamshwa na chakula. Kwa hiyo imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, hasa kabla ya kifungua kinywa, ili chakula kikifika dawa nayo iwe imeshafika. Aliyemeza baada ya ugali wa usiku amepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Pampu zote hazinaswi siku ya kwanza pia. Huchukua siku tatu hadi tano dawa kufikia uwezo wake kamili. Anayeshtuka usiku wa manane kifua kinawaka, akameza kapsuli moja na kungoja nafuu, anaidai kazi isiyo yake. Kwa moto wa ghafla zipo dawa za kutafuna au za maji zenye magnesiamu au aluminiamu, ambazo huizimua asidi ndani ya dakika chache. Tena kapsuli isitafunwe wala chembechembe zake zisisagwe: zimepakwa tabaka la kuzikinga na asidi, na bila tabaka hilo dawa huharibika kabla ya kufika inakotakiwa.

Tuje kwenye vidonda. Bado tunalaumu pilipili, maharage na mawazo. Pilipili inaweza kukiuma kidonda kilichopo, lakini vyanzo vikuu ni viwili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Bakteria huyo alitambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren mjini Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wengi hawakuwaamini, hadi mwaka 1984 Marshall akanywa mchanganyiko wenye bakteria hao na tumbo lake likavimba kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Maana yake kwa mgonjwa wa leo ni kubwa. Omeprazoli peke yake hufunga kidonda, maumivu yakatulia, lakini bakteria anabaki na kidonda hurudi. Tiba inayotumika sana ni omeprazoli mara mbili kwa siku pamoja na antibiotiki mbili, kwa kawaida amoksilini na klarithromaisini, kwa siku 14 bila kuruka. Baadaye kipimo cha choo au cha pumzi huonyesha kama bakteria ameondoka. Hapa wengi hudanganyika: omeprazoli humfanya bakteria ajifiche, hivyo iachwe wiki mbili kabla ya vipimo hivyo, na antibiotiki wiki nne. Kipimo cha damu cha haraka hakimalizi swali, kwani kingamwili hubaki mwilini muda mrefu hata baada ya kupona. Nimeona watu wakirudia dozi nzima za antibiotiki kwa sababu ya kipimo hicho tu, na hilo linatia uchungu.

Naye anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo, kisha omeprazoli kwa ajili ya tumbo, amweleze daktari habari zote mbili. Pengine mgongo una tiba nyingine.

Kwa wengi madhara ya muda mfupi ni madogo: kichwa kuuma, kuharisha au kufunga choo, gesi, kichefuchefu. Katika matumizi ya miezi na miaka ndipo pa kuangalia. Magnesiamu katika damu inaweza kushuka, mtu akapata mikakamao ya misuli au moyo kwenda mrama. Vitamini B12 inaweza kupungua, kwa sababu asidi ndiyo inayoitoa kwenye nyama na mayai. Tafiti kadhaa zimehusisha matumizi marefu na kuvunjika nyonga, na mara chache figo huvimba ghafla.

Asidi nayo ni mlinzi. Watafiti waliowapa watu wa kujitolea bakteria wa kipindupindu waliona kuwa tumbo lenye asidi yake kamili huhitaji bakteria wengi mno ili mtu augue. Asidi ikishazimuliwa kwa bikaboneti, maelfu ya mara pungufu ya hao wanatosha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, wenye watu zaidi ya 17,000 waliofuatiliwa kwa miaka takriban mitatu, uliwapa baadhi pantoprazoli na wengine kidonge kitupu. Hofu nyingi juu ya mifupa, figo na moyo hazikuthibitika humo. Kilichojitokeza wazi ni maambukizi ya utumbo: asilimia 1.4 dhidi ya 1.0. Tofauti ni ndogo, nami nauchukulia utafiti huo kama faraja. Lakini kwetu, ambako kipindupindu hurudi na mvua na maji ya bomba si ya kuaminiwa kila mtaa, sioni busara ya kumwondoa mlinzi huyo mwaka hadi mwaka bila sababu.

Zipo pia dawa zisizopatana nayo. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye rilpivirini asitumie omeprazoli kabisa, na mwenye atazanaviri asiiguse bila daktari wake kujua, kwa kuwa dawa hizo zinahitaji asidi ili zifyonzwe. Dolutegraviri haina shida na omeprazoli, bali ina shida na zile za kutafuna zenye magnesiamu au aluminiamu: imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Klopidogreli, ya wagonjwa wa moyo na kiharusi, hupungua nguvu. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufyonzwa kwa shida.

Kinachonitia hofu zaidi ni nafuu ya uongo, inayoweza kuficha ugonjwa mkubwa. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, magharibi mwa Kenya ikiwemo, una saratani nyingi ya umio kuliko sehemu nyingi za dunia. Chakula kikianza kukwama, uzito ukipungua bila sababu, ukitapika damu au choo kikawa cheusi kama lami, duka la dawa si mahali pako tena. Unahitaji hospitali yenye kipimo cha endoskopi. Na maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi au kupanda tayani, pamoja na jasho na kuhema, yachukuliwe kuwa ya moyo mpaka hospitali iseme vinginevyo.

Kuacha nako kuna namna yake. Watafiti wa Denmark waliwapa watu wazima wasio na ugonjwa wowote wa tumbo esomeprazoli kwa wiki nane, kisha wakaikata. Asilimia 44 walipata kiungulia au karaha nyingine za asidi, dhidi ya asilimia 15 ya waliopewa kidonge kitupu. Tumbo lililozimwa muda mrefu huamka na asidi nyingi kuliko awali. Mgonjwa hudhani ugonjwa umerudi, akarudi kwenye kapsuli, na miaka ikapita hivyo. Aliyetumia kwa miezi apunguze dozi, kisha ameze siku moja na kuruka moja, na moto wa wiki hizo za mwanzo autulize kwa dawa za kutafuna.

Wapo wasiopaswa kuacha kwa kusoma gazeti, hili likiwemo: aliyewahi kutokwa damu tumboni na bado anahitaji aspirini ya moyo, au ambaye umio wake umechubuliwa vibaya na asidi. Hao omeprazoli inawakinga kila siku, na la kumuuliza daktari ni kama dozi ndogo zaidi inatosha.