Cheti Kimepatikana, Ujirani Je?

Ukija Mpanda kwa treni kutoka Tabora, kabla ya kufika mwisho wa reli utapita Katumba. Watu wengi bado wanapaita "kambini". Sivyo. Wengi wa wakazi wa pale leo ni raia wa Tanzania, kama wewe na mimi.

Hata hivyo, kijana aliyezaliwa Katumba au Mishamo akija mjini, bado anasikia, "Aa, kumbe wewe mkimbizi!" Je, amekimbia nini? Hajawahi hata kuiona Burundi.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Mkimbizi ni mtu aliyeacha nchi yake kwa kuogopa kuuawa au kuteswa. Mwaka 1972 kulikuwa na mauaji makubwa Burundi. Watu wengi sana walikimbilia Tanzania. Serikali yetu, ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa na shirika la makanisa la TCRS, iliwapa ardhi. Makazi ya Ulyankulu, huko Tabora, yalianza mwaka 1972. Katumba ilifuata mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Wakati ule Katumba na Mishamo zilikuwa wilaya ya Mpanda. Mkoa wetu wa Katavi haukuwapo. Ulianza mwaka 2012.

Mahali penyewe palikuwa pori. Miti ya miombo, mbung'o, na wanyama wakali usiku. Mishamo kila familia ilipewa hekta 5. Watu wakafyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa uliikabidhi Mishamo kwa Serikali, kwa sababu watu walikuwa wanajilisha wenyewe.

Sasa fikiri jambo moja. Kule Burundi watu hawakukaa katika vijiji kama sisi. Kila familia ilikaa katika boma lake, kwenye kilima chake. Hapa walipangwa kando ya barabara, nyumba kwa nyumba, na mtu asiyemjua. Walizoeana vipi? Walizoeana kwa kufanya mambo pamoja. Waliimba kwaya, walijenga shule, walipiga ngoma. Na walilimiana mashamba. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Kwa Kirundi kazi ya namna hiyo huitwa ikibiri. Wazee wetu nao waliifanya, ila jina ndilo tofauti.

Lakini kulikuwa na shida. Mambo hayo waliyafanya wao kwa wao. Mtu akitaka kutoka nje ya makazi, ilibidi awe na kibali. Kwa hiyo umoja ulijengwa ndani, na wakati huo huo ukuta ukajengwa kati yao na vijiji vya jirani. Mimi naona kosa lilikuwa la utaratibu, si la watu.

Mwaka 2007 waliulizwa: mnataka kurudi Burundi au kuwa raia hapa? Karibu watu wanne katika kila watano walichagua uraia. Zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa. Ila vyeti vilichelewa, maana kulikuwa na mpango wa kuwahamishia mikoa mingine. Hebu jiweke mahali pao. Utajenga nyumba ya matofali, au utangoja lori? Mtu anayengoja kuhamishwa hapandi hata mwembe. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, na watu wakaruhusiwa kubaki walipo.

Basi cheti kipo. Kazi iliyobaki ni yetu, na haifanywi ofisini.

Chukua mpira. Vijana wanapenda sana kupanga "timu ya Katumba" na "timu ya wenyeji". Siku hiyo mnacheza, lakini mkigombania goli, matusi yanayotoka ni yale yale ya zamani. Changanyeni wachezaji. Gawaneni kwa mitaa, au waliooa na wasiooa, ili mtu ampe pasi yule aliyezoea kumbagua.

Ngoma nayo ni nzuri. Ngoma za Burundi zinajulikana duniani, na Wasukuma waliohamia kwetu na ng'ombe wao wana bugobogobo. Lakini kumtazama mwenzako akicheza bado si kuwa naye. Afadhali watoto wajifunze ngoma za pande zote mbili.

Na angalieni mnakutania wapi. Mkikutana kilabuni kwenye pombe, waliookoka hawaji. Mkikutana kanisani, Waislamu hawaji. Yako mambo ambayo hayachagui: kisima kikiharibika, daraja likibomoka, na zaidi ya yote, msiba. Hapo kila mtu anamhitaji mwenzake. Tena viongozi wasitoke upande mmoja. Mwenyekiti akitoka huku, mweka hazina atoke kule, na daftari lisomwe mbele ya wote.

Kuhusu daftari, niseme nililoliona. Nilikaribishwa katika kikundi kimoja cha kuzikana. Wanachama ni mchanganyiko: wenye asili ya Burundi, Wasukuma, Wakonongo, Wabende. Katibu alikuwa amechora daftari vizuri: jina, kitongoji, mchango. Halafu safu ya mwisho akaandika "Asili".

Mama mmoja, aliyemaliza kisomo karibuni, aliomba alione lile daftari. Akasoma polepole, kidole juu ya maneno. Alipofika mwisho akauliza, "Ndugu katibu, hii asili itatusaidia nini kuchimba kaburi?"

Watu walinyamaza. Mzee mmoja akacheka. Katibu hakubisha, alichukua rula, akapiga mstari juu ya neno lile. Siku hizi katika safu hiyo wanaandika tarehe ya mchango.