Posho tatu za mwisho: ngoma haiongezewe, inasafishwa

Kama mu masomo ao mu parokia ya kwenu Kasungami kuko kikundi cha ngoma ao fanfari, unajua vile inakuwaga wakati siku ya mashindano inakaribia. Kapita wa kikundi anaanza kuogopa. Anasikia kama wa kartier ingine wako na wimbo mpya, wako na mavazi mapya. Basi posho mbili mbele ya siku yenyewe analeta mtindo mpya, anaongeza hatua, anatosha mtoto mwenye anachelewa, na mazoezi yanaenda mpaka butu. Siku inafika, na kikundi kinapiga vibaya kuliko vile kilikuwa kinapiga mwezi uliopita. Bamama walishona nguo, bababa walitosha franga za usafiri, na mtoto anarudi ku lupango analia.

Shida si uvivu wa watoto. Shida ni kwamba watu wazima hawajui kazi ya mwisho wa musimu ni gani. Mwanzo wa musimu ni wa kujifunza. Katikati ni ya kuzoea. Mwisho ni wa kusafisha, na kusafisha maana yake ni kutosha, si kuongeza.

Kazi ya baramini

Mtu wa mugodi anaweza kuelewa neno hili mbio kuliko mwalimu wa muziki. Mu galeri, kiisha kulipua jiwe, hakuna mwenye anaingia ovyo. Kwanza watu wanashika baramini, wanasimama mahali pazuri, wanagonga jiwe la juu na la pembeni, na wanasikiliza. Jiwe lenye kushikamana linatoa sauti ngumu, sawa chuma. Jiwe lenye limeachana linatoa sauti ya uvungu, sawa ngoma. Lile njo wanaangusha, mbele mtu apite chini yake. Kifaransa kinaita kazi hiyo purge. Hakuna kitu kipya chenye kimeletwa pale, lakini mahali pamekuwa pengine kabisa.

Kikundi cha ngoma ni vile vile. Ukisikiliza kutoka mbali, unasema: « Banapiga muzuri. » Ukikaribia na kugonga kipande kwa kipande, unasikia penye panalia uvungu: vijana watatu wanaanza mbele ya wengine, mmoja anainua mkono juu sana, mguu wa kushoto wa mstari wa nyuma unachelewa. Posho tatu za mwisho ni za kutafuta mawe hayo na kuyaangusha moja moja.

Sista mwenye kioo

Babu zetu wa miji ya shaba walijua hiyo kazi. Mwisho wa karne ya 19, ku pwani ya bahari, upande wa Mombasa na Lamu, watu walianza ngoma ya Beni, wakifuata fanfari za askari wa wazungu. Kiisha vita ya 1914-1918, ngoma hiyo ilitembea pamoja na askari na wapagazi mpaka ku miji ya migodi, na wengi wakaiita Mbeni. Vikundi vilikuwa vinashindana kwa mavazi, kwa hatua na kwa sauti.

Kiisha Mbeni ikakuja Kalela. Mwaka 1951, ng'ambo ya mpaka, ku Luanshya, kwenye mugodi wa Roan Antelope, mtaalamu mmoja, J. Clyde Mitchell, aliangalia kikundi kimoja cha Kalela, na mwaka 1956 akatoa kitabu kidogo juu yake. Wachezaji walikuwa vijana wa kabila la Babisa, watu wa kazi. Ngoma zao zilikuwa mapipa ya mafuta yenye kufunikwa na ngozi ya ng'ombe. Walivaa suruali zenye kupigwa pasi na viatu vyenye kung'aa. Katikati yao kulikuwa mtu mmoja mwenye kuitwa dokta, na mwanamke mmoja tu, mwenye kuitwa sista, mu nguo nyeupe. Kazi ya sista ilikuwa gani? Alikuwa anapita kwa kila mchezaji na kioo na kitambaa, ili kila mmoja ajiangalie na kujitengeneza.

Sista hakuleta wimbo mpya. Alileta kioo. Kikundi chenye kinataka kushinda kinapaswa kuwa na mtu wa namna hii: mwenye hapigi, mwenye hachezi, mwenye kazi yake ni kuonyesha kila mmoja vile anaonekana. Leo telefone moja ya kupiga video inaweza kuwa kioo hicho. Muiweke mbele, juu kidogo, kiisha mazoezi muangalie pamoja. Mtoto mwenye anakatala kila siku kwamba anachelewa ataamini macho yake mwenyewe.

Namna wanafanya Marekani

Mu Marekani kuko vikundi vikubwa vya vijana vyenye kuitwa drum corps: tarumbeta, ngoma na bendera, wote wanatembea ku uwanja wakipiga. Shirika lao, Drum Corps International, lilifanya mashindano yake makubwa ya kwanza mwaka 1972 mu mji wa Whitewater. Leo finali inafanyika mwezi wa Agosti mu Indianapolis.

Kitu cha kuangalia ni hiki: kila kikundi kinatayarisha onyesho moja, la karibu dakika 10 mpaka 12, na kinapiga onyesho lile lile musimu wote, toka Juni mpaka Agosti. Waamuzi wanahesabu ku pointi 100. Mu Juni hata vikundi vya nguvu vinapata pointi kidogo. Mu Agosti vya kwanza vinapita 95. Wimbo ni ule ule, watu ni wale wale. Chenye kimebadilika ni usafi. Hata waamuzi wanasaidia: wakiangalia, wanasema mu mashini ya kurekodi kila kosa lenye wanaona, na walimu wa kikundi wanasikiliza kiisha onyesho.

Kweli, kuko vitu wanabadilisha. Kipande chenye hakiendi wanakirahisisha ao wanakikata. Wengine wanaongeza kitu kidogo cha kushangaza watu ku mwisho. Lakini anaongeza paka mwenye nyumba yake imekwisha kusafika.

Mambo manne ya kusafisha

La kwanza ni kukata vipande. Musipige wimbo wote mara kumi. Mara kumi ya makosa ni kujifunza makosa. Mushike mapigo manane tu, yale yenye kulia uvungu. Kama wimbo unaenda mapigo 120 kwa dakika, muanze na 80. Wakipiga sawasawa mara tatu bila kosa, mupande kidogo, 85, kiisha 90. Kosa likirudi, murudie chini.

La pili ni urefu wa mkono. Kijiti chenye kinatoka juu kinapiga kwa nguvu, na mara mingi kinafika nyuma ya wengine. Kapita aseme wazi: hapa vijiti vinainuka mpaka ku kifua, pale mpaka urefu wa kiganja tu. Vijiti vikiinuka pamoja, sauti inaanza kushuka pamoja. Watu wa mbali wenye hawasikii vizuri nao wanaona mstari mmoja.

La tatu ni miguu. Mguu njo saa ya mpigaji. Watoto wapige wakikanyaga mahali pamoja, bila kutembea, mpaka mguu wa kila mmoja unagusa udongo kwa pigo moja. Kiisha hapo njo watembee.

La ine ni masikio, na hapa vikundi vingi vinakosa bila kujua sababu. Sauti inatembea metre karibu 340 kwa sekunde. Kama ngoma ziko nyuma na tarumbeta ziko metre 34 mbele yao, sauti ya ngoma inachukua sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika mbele. Ku mapigo 120, ile ni sehemu moja ya tano ya pigo moja. Inatosha watu wasikie vurugu. Kanuni ni hii: wa nyuma waangalie mkono wa kapita na wasifuate sauti ya mbele; wa mbele wasikilize nyuma na wapige pamoja na sauti ya ngoma wakati inawafikia. Hivi sauti zote zinafika kwa watu pamoja. Wa nyuma wakifuata masikio, watachelewa mara mbili.

Mtoto mwenye anachelewa

Karibu na mwisho, kapita wengi wanatosha wenye hawajui sana. Ni njia ya mbio, lakini inaharibu. Mstari wenye ulizoea watu kumi na mbili unabaki na matundu, na wote wanapaswa kujifunza upya mahali pa kusimama. Na wengine wanaanza kupiga na woga: « Nikikosa, banifukuza na mie. » Mkono wenye kuogopa unachelewa.

Kuko njia ingine. Umpunguzie mtoto kazi. Mwenzake apige mapigo madogo madogo ya mbio. Yeye apige paka mapigo makubwa, yenye anajua. Mbele ya watu hakuna mwenye ataona. Mugodi unajua hii pia: mtu mupya haumupe mashini ya nguvu siku ya kwanza, lakini haumurudishe ku nyumba. Unamutia pembeni ya mwenye anajua.

Ngozi, masikio, usingizi

Kama ngoma zenu ni za ngozi, mukumbuke kama ngozi inasikia hewa. Mu musimu wa baridi na vumbi, jua la muchana linaikaza, na jua likishuka sauti nayo inashuka. Hewa ya mvua inailegeza, na moto wa karibu unairudisha. Basi muzitengeneze ku saa ile ile yenye mutapiga siku ya mashindano, si asubui.

Masikio yanapaswa kuchungwa. Ku kazi, wengi munajua desibeli 85: ndiyo kiasi chenye wataalamu wanasema kwa saa 8. Ku kanuni yenye wengi wanafuata, kila desibeli 3 zenye zinaongezeka zinakata muda mara mbili, na ku 100 zinabaki dakika karibu 15 tu. Ngoma ndogo yenye kukazwa sana, kwa karibu, inaweza kupita 100. Mtoto mwenye anapiga saa mbili kila siku ndani ya chumba anaharibu masikio sawa mtu wa mashini mwenye hana kizuizi. Wapige inje, wapumzike, na kama kuko vizuizi vya masikio, wavivae. Sikio lenye limeharibika halirudi.

Kiisha kuko usingizi. Mu lupango mingi, baba anatoka ku posti ya butu na analala muchana. Akikosa usingizi sababu ya ngoma, si hasira tu; ni hatari yake na ya wenzake butu yenye inafuata. Ngoma na mugodi vinaweza kuishi pamoja. Mazoezi ya mkono yanafanyika vizuri ku kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu, bila kelele, na yanakaza mkono vile vile. Ngoma zenyewe zipigwe ku uwanja, mbali na nyumba, ku saa yenye wazazi wamekubaliana. Na mtoto naye alale. Mkono wenye kuchoka hausafishi kitu, unarudia paka makosa.

Posho ya mwisho

Siku za kwanza za posho, mubaki ku vipande viwili ao vitatu vyenye vinalia uvungu. Siku mbili mbele ya mashindano, mupige onyesho lote mara moja tu, na mavazi na viatu vyenyewe, ju suruali mpya inaweza kubadilisha hatua na kofia mpya inaweza kuanguka. Siku ya kutangulia, mutembee tu mahali pa kusimama, mutengeneze ngoma, mule bukari mapema, mulale.

Kapita akisikia ndani ya roho yake sauti yenye kusema « tuongezeko kitu », apeleke sauti ile mwaka kesho, mwanzo wa musimu, wakati kuko siku za kujifunza. Siku ya mashindano, watoto wapige chenye wanajua. Na mzazi mwenye atakuwa amesimama pale, aangalie vijiti: kama vinainuka pamoja na kushuka pamoja, posho tatu hazikupotea, hata kama kombe limeenda kwa wengine.