Kifaranga kukataa chakula: chanzo huenda kikawa ubongoni

Mfugaji wa Obokote, jimboni Maniema, akimwaga chenga za mahindi na kuona vifaranga wamejikunyata bila kudonoa, hulaumu chakula. Lakini hamu ya kula huongozwa na ubongo.

Humo, peptidi iitwayo nyuropeptidi Y humhimiza kifaranga ale. Grelini, homoni iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, huamsha njaa kwa binadamu. Kwa kifaranga ni kinyume: ikiingizwa ubongoni humzuia kula, kwa kuchochea homoni ya msongo, ileile inayotolewa ndege anapoogopa au kuteseka.

Akiba ya kiini cha yai humtosha kifaranga siku mbili tatu tu. Kabla haijaisha, mpe joto, maji safi na utulivu, ajifunze kudonoa. Akichelewa, hudhoofika na kufa.