Chuo Kidogo cha Ufundi Kinachomfaa Kijana: Mambo ya Kuzingatia kwa Wazazi wa Ntalikwa na Mkoa wa Tabora

TABORA: Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, familia nyingi za Kata ya Ntalikwa, Manispaa ya Tabora, hukabiliwa na swali moja: kijana aliyefaulu fizikia na hisabati, ambaye hawezi kuiona redio mbovu asiifungue, apelekwe chuo gani? Jina linalotajwa upesi huwa la chuo kikubwa kilichoko Dar es Salaam, Arusha au Mbeya. Huenda ndilo jibu sahihi, lakini si kwa kila kijana.

Kosa katika uamuzi huu lina gharama. Familia inayotegemea tumbaku, mahindi au mizinga ya nyuki hulipa ada kwa fedha iliyotafutwa msimu mzima. Mwaka ukipotea katika chuo kisichotambuliwa, au katika fani ambayo kijana haikuipenda tangu mwanzo, hasara si ada pekee. Umri wa kijana nao umesogea, na wadogo zake wanaosubiri zamu yao wanaanza kuitilia shaka elimu yenyewe.

Vyuo vilivyojengwa kuzunguka kazi moja

Mbali na taasisi kubwa zinazofundisha fani nyingi kwa pamoja, Tanzania ina vyuo vidogo ambavyo kila kimoja kilianzishwa kwa ajili ya kazi mahususi. Chuo cha Maji kilichopo Ubungo, Dar es Salaam, huandaa mafundi sanifu wa sekta ya maji. Chuo cha Madini Dodoma kinahusika na jiolojia na uchimbaji. Taasisi kubwa nazo zina matawi ya namna hiyo: Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) inajulikana kwa teknolojia ya ngozi, na Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha Kikuletwa, mkoani Kilimanjaro, kinachofundisha nishati jadidifu mahali penye mtambo wa kufua umeme wa maji.

Udogo wa chuo si dalili ya unyonge. Nchini Marekani, vyuo vya uhandisi vya Harvey Mudd na Olin vina wanafunzi wachache mno vikilinganishwa na vyuo vikuu vya nchi hiyo, lakini vinaheshimika kwa sababu mwanafunzi hufahamiana na mwalimu wake na huanza kubuni na kutengeneza vitu mapema. Jambo la kupima ni kile kinachofanyika ndani ya karakana, wala si wingi wa majengo.

Kwa nini Tabora ina chuo cha reli

Mzazi wa Ntalikwa hana haja ya kuanzia mbali. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo: mmoja ukielekea Ujiji, mwingine ukipinda kaskazini kwenda nchi za Ziwa Victoria. Reli ya Kati ilifuata mantiki hiyohiyo. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kisha tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Mji ambao treni zake hugawanyika unahitaji watu wa kutunza njia, kukarabati vichwa vya treni na mabehewa, kusimamia ishara na kupanga safari. Ndiyo sababu chuo cha reli cha Shirika la Reli Tanzania (TRC) kikawa Tabora.

Mjini humo pia kuna Chuo cha Ardhi Tabora, kilicho chini ya wizara yenye dhamana ya ardhi, kinachofundisha upimaji na uchoraji wa ramani. Kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki, ambacho si cha uhandisi lakini kinafaa kutajwa katika mkoa unaosifika kwa asali, pamoja na chuo cha ufundi stadi cha VETA. Kijana anayependa hesabu na kutembea porini anaweza kulingana zaidi na upimaji ardhi kuliko karakana ya umeme. Anayependa mashine nzito anaweza kujikuta nyumbani katika karakana ya reli. Tabia ya kijana ni kigezo, sawa na alama zake.

Hatua ya kwanza: kuthibitisha usajili

Elimu ya ufundi nchini husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Baraza hilo hutoa mwongozo wa udahili unaoorodhesha vyuo, programu, sifa za kujiunga, muda wa masomo, nafasi zilizopo na ada. Mwongozo huo ndio wa kusomwa kwanza, kabla ya tangazo lolote la redioni au la kwenye simu.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulipita. Chuo kusajiliwa ni jambo moja, na programu husika kutambuliwa ni jambo jingine. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali huku kozi mpya inayotangazwa ikiwa bado haijaidhinishwa. Kwa hiyo mzazi atafute jina la chuo, kisha jina la programu yenyewe pamoja na ngazi yake.

Ngazi nazo zina maana. Mhitimu wa kidato cha nne kwa kawaida huanza ngazi ya 4, yaani Astashahada ya Awali, hupanda ngazi ya 5 ya Astashahada, na kumaliza ngazi ya 6 ya Stashahada. Safari hiyo huchukua miaka mitatu. Sifa ya chini ya kuanza kwa kawaida ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na programu za uhandisi huongeza masharti ya masomo ya sayansi na hisabati. Ambaye hakufikia sifa hizo hajafungiwa mlango: anaweza kuanzia mafunzo ya ufundi stadi, na baadhi ya programu za ngazi ya 4 hupokea wenye cheti cha ufundi stadi ngazi ya tatu.

Wanafunzi wa shule za Serikali wakumbuke pia mfumo wa Selform unaosimamiwa na TAMISEMI, unaotumika kuwapangia wahitimu kidato cha tano na vyuo. Baada ya matokeo hutangazwa kipindi cha kubadilisha machaguo. Kipindi hicho kikipita bila kutumika, kijana hupangiwa kwa kufuata machaguo aliyoyajaza kabla hajajua alama zake.

Maswali ya kuuliza chuoni

Chuo kilicho karibu kina faida ambayo mwongozo hauwezi kuitoa: kinaweza kutembelewa. Ziara ya siku moja huonyesha mengi. Mzazi na kijana waombe kuiona karakana, si ofisi ya udahili pekee. Waulize ni wanafunzi wangapi hutumia mashine moja kwa wakati mmoja, mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi na kwa wiki ngapi, na nani hutafuta nafasi hizo, chuo au mwanafunzi mwenyewe.

Kwa fani ya reli kuna swali la nyongeza. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na treni zake huvutwa kwa dizeli, ilhali reli ya kisasa (SGR) ina upana wa milimita 1,435 na hutumia umeme. Treni za SGR zilianza kutoa huduma kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na ujenzi wa vipande vinavyopita Tabora ni sehemu ya mradi huohuo. Ni haki ya mwombaji kuuliza mtaala unagusa mifumo yote miwili kwa kiasi gani. Kwa upimaji ardhi, aulize iwapo wanafunzi hutumia vifaa vya kisasa vya setilaiti au huviona picha tu darasani.

Gharama ziulizwe zote kwa pamoja: ada, malazi, chakula, vifaa, sare za karakana na nauli ya mafunzo kwa vitendo. Malipo ya chuo cha Serikali hufanywa kwa namba maalumu ya malipo, si kwa kumkabidhi mtu fedha mkononi.

Upande wa pili wa fani finyu

Chuo cha kazi moja kina udhaifu wake. Fani ikiwa finyu, waajiri nao huwa wachache. Fundi sanifu wa njia ya reli anategemea zaidi shirika la reli na wakandarasi wake. Mpima ardhi ana halmashauri, kampuni binafsi na wananchi wanaotaka kupimiwa viwanja. Kijana ambaye bado hajui anachokipenda anaweza kunufaika zaidi na chuo cha fani nyingi, ambako kubadili mwelekeo ni rahisi. Hilo lizungumzwe nyumbani waziwazi kabla ya ada ya kwanza kulipwa.

Mlango wa shahada, hata hivyo, haufungwi na udogo wa chuo. Mwenye stashahada inayotambuliwa anaweza kuomba shahada katika fani inayohusiana akiwa na wastani wa GPA usiopungua 3.0, pamoja na kutimiza masharti ya chuo kikuu husika. Atahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo, maarufu kama AVN, inayotolewa na NACTVET. Aliyesoma programu isiyotambuliwa hawezi kupata namba hiyo, na hapo ndipo kosa la miaka mitatu iliyopita hujitokeza.

Kuhusu uwezo wa kulipa, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ilianza kuwapa mikopo wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024. Kwa kuwa fani hizo hutajwa katika mwongozo wa kila mwaka, mwombaji ahakikishe kwamba kozi yake imo kabla ya kuutegemea mkopo huo.

Kwa familia ya Ntalikwa, basi, utaratibu unaofaa ni huu: kuusoma mwongozo wa NACTVET, kuihakiki programu na ngazi yake, kuitembelea karakana, kujumlisha gharama zote, na mwisho kumuuliza kijana mwenyewe kama kazi aliyoiona ndiyo angependa kuamkia kila asubuhi.