Foto ya ua la boga inaonyesha nani anafanya kazi shambani

Siku hizi wakaaji wengi wa Bukavu, Butembo ao Uvira wako na telefone yenye kamera, na maua ya pale nyumbani njo kitu wanapenda kupiga foto. Lakini ukikuza ile foto kwa vidole viwili, mara nyingi unaona kitu ambacho jicho halikuona: vidudu vidogo ndani ya ua. Kwa mwenye kulima, vile vidudu vinaeleza mengi juu ya mavuno.

Mfano ni boga. Shina moja linatoa maua ya namna mbili, dume na jike. Ua jike linajulikana kwa kaboga kadogo kaliko nyuma yake. Maua yanafunguka alfajiri, na kufika muchana yanajifunga. Katika saa hizo chache, unga wa ua dume sharti ufike kwenye ua jike. Ule unga ni muzito na unanata, upepo hauwezi kuubeba. Nyuki njo anaubeba. Asipofika, kaboga kanageuka manjano, kanaanguka. Watu wanalaumu udongo ao mbegu, kumbe mara nyingi nyuki hakupita.

Si kila mwenye mistari ni nyuki. Kuna nzi wa manjano na nyeusi anayefanana naye sana, ila yeye ana mabawa mawili, nyuki ana manne. Hana mwiba. Watoto wa wengi wao wanakula vidukari, vile vidudu vinavyofyonza maharagi na kabichi. Hata kale kadudu kekundu ka madoa meusi, aina nyingi zake zinakula vidukari. Mtoto wake hafanane naye: ni mrefu, mweusi, na madoa ya rangi ya machungwa. Watu wanamuua wakizani ni adui.

Hatari iko pale dawa inapigwa asubuhi, maua yakiwa wazi. Inaua vidukari, lakini inaua pia nyuki na wale wanaokula vidukari. Kiisha vidukari vinarudi vya kwanza, sababu jike lao linazaa bila dume, na watoto wake wanaanza kuzaa kisha wiki moja hivi.

Kwa hiyo, kama vidukari ni vichache, inatosha kuviponda kwa vidole ao kuvisafisha na maji. Kama dawa ni ya lazima, ipigwe magaribi, maua yakiisha kujifunga na nyuki wakiisha kurudi, na isiguse maua.

Kwa foto nzuri, asubuhi njo saa yake. Karibia polepole, kivuli chako kisianguke juu ya ua, na gusa kioo cha telefone pale ua liko.

Kama asubuhi nyingi za jua zinapita na foto hazionyeshe nyuki hata mmoja, kuna njia: chuma ua dume, ondoa majani yake ya manjano, kisha pangusa ule unga katikati ya ua jike. Fanya vile mapema, mbele lijifunge.